Vyuma vya Meno na Harufu Mbaya ya Kinywa: Chanzo Kitafutwe Wapi?

Chuma kinachotumika kupanga meno hakinuki. Vifungo vidogo vinavyogandishwa juu ya meno, waya inayopita kati yake na pete zinazozunguka magego hutengenezwa kwa madini yasiyoshika kutu, na mate hayayageuzi kuwa kitu cha kunuka. Hata hivyo, harufu mbaya ya kinywa ni miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara kutoka kwa vijana waliovaa vyuma na kutoka kwa wazazi wao. Wapo wanaofikia hatua ya kuomba vyuma viondolewe kabla ya matibabu kukamilika. Matibabu hayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, na gharama yake kwa familia nyingi si ndogo. Kuyakatiza njiani kwa sababu ya tatizo ambalo chanzo chake kingeweza kuonekana kwa taa na kioo kidogo cha mkononi ni hasara inayoepukika.

Hasara nyingine haionekani kwa macho. Kijana wa miaka 14 anayehofia pumzi yake hujifunza kuzungumza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, hukaa nyuma darasani na huacha kucheka. Aliwekewa vyuma ili apate tabasamu; badala yake amelificha. Ndiyo maana mhudumu wa afya hapaswi kulichukulia lalamiko hili kama jambo la urembo tu.

Harufu hutengenezwaje

Kinywa cha kila mtu kina bakteria wa mamia ya aina, na walio wengi hawana madhara. Baadhi yao hupenda kuishi mahali pasipofikiwa na hewa: sehemu ya nyuma ya ulimi, kijishimo kilicho kati ya jino na ufizi, na chini ya ukoga mzito. Bakteria hao hula protini. Chakula chao ni mabaki ya vyakula, seli zilizopukutika kutoka ndani ya mashavu, ute na damu. Wanapozivunja protini zenye salfa hutoa gesi, na mbili kati ya gesi hizo ndizo zinazochangia zaidi harufu mbaya: haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, na methili merkaptani, yenye harufu kama ya kabichi iliyooza. Mtafiti Joseph Tonzetich wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada alifanya kazi kubwa ya kuzipima gesi hizi katika miaka ya 1960 na 1970, na tangu hapo zimekuwa kipimo cha kawaida katika utafiti wa harufu ya kinywa.

Watu wengi huamini kwamba harufu hutoka tumboni, na kwa imani hiyo hununua dawa za vidonda vya tumbo au za minyoo. Ukweli ni kwamba kwa wagonjwa walio wengi, inakadiriwa asilimia 80 hadi 90, chanzo kimo kinywani mwenyewe. Umio hubaki umefunga muda mwingi, na hewa ya tumboni haipandi ovyo isipokuwa mtu anapocheua.

Mlinzi mkuu wa kinywa ni mate. Mtu mzima hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate hayo huosha mabaki, huleta hewa ya oksijeni na hupunguza makali ya asidi. Usingizini hupungua mno, nayo ndiyo sababu ya harufu ya asubuhi ambayo kila mtu anayo na ambayo haihitaji tiba zaidi ya mswaki na maji.

Vyuma hubadilisha nini

Jino lisilo na chuma lina uso laini. Ulimi, midomo na mashavu hulisugua mchana kutwa bila mtu kutambua, na sehemu ya ukoga huondoka yenyewe. Kifungo kinapogandishwa, jino hupata kijirafu. Juu ya kijirafu hicho, chini yake na pembeni mwake hubaki vipembe ambavyo ulimi hauvifikii na mswaki wa kawaida huviruka. Eneo hatari zaidi ni lile la milimita chache kati ya kifungo na ufizi. Hapo ndipo nyuzi za embe, mchicha na nyama hukwama, na hapo ndipo ukoga hunenepa hadi bakteria wasiopenda hewa wakapata makao. Mipira midogo inayoshikilia waya nayo hunyonya majimaji. Mgonjwa anayekula pilau au mchuzi wenye binzari huligundua hilo mipira yake inapogeuka manjano siku chache tu baada ya kubadilishwa.

Tafiti zilizopima gesi za salfa kabla na baada ya vyuma kugandishwa zimeonyesha kwamba kiwango chake huelekea kupanda, sambamba na kuongezeka kwa ukoga na uvimbe wa fizi. Uvimbe huo ndio kiini cha jambo lote. Fizi zinazoguswa na ukoga kila siku huvimba, hugeuka nyekundu na hutoka damu kwa urahisi. Kwa vijana walio katika umri wa balehe, mabadiliko ya homoni huzifanya zivimbe kupita kiasi, wakati mwingine hadi kufunika nusu ya kifungo. Ufizi uliovimba hufanya kijishimo kirefu zaidi, na damu inayovuja ni protini, yaani karamu kwa bakteria wale wale. Kijana akiona damu kwenye mswaki huogopa na kuacha kusugua mahali hapo. Ukoga huongezeka, ufizi huvimba zaidi, damu huzidi, nayo harufu huzidi. Mzunguko huu ndio unaopaswa kuvunjwa, na hauvunjwi kwa kupumzisha fizi. Damu inayotoka wakati wa kupiga mswaki ni ishara kwamba mahali hapo panahitaji kusuguliwa, kwa upole lakini kila siku. Kwa wagonjwa wengi hupungua sana ndani ya wiki moja au mbili.

Kuna kundi moja la wagonjwa ambalo husahauliwa. Wengi huwekewa vyuma kwa sababu meno ya juu yamechomoza mbele, na baadhi yao midomo yao haikutani wanapopumzika. Hulala mdomo wazi na hupumua kwa kinywa. Kinywa chao hukauka, fizi za mbele juu hubaki nyekundu, na harufu ilikuwapo hata kabla ya vyuma. Swali jepesi la muuguzi, "Mama, mwanao hulala mdomo wazi? Hukoroma?", hufichua mengi kuliko maswali kumi kuhusu dawa ya meno. Ikiwa pua imeziba kwa mzio au kwa nyama zilizo nyuma ya pua, tatizo hilo litibiwe. Vyuma peke yake havitamfanya apumue kwa pua.

Madoa meupe

Ukoga unaonuka ndio huo huo unaotoboa meno. Bakteria wengine ndani yake hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hunyonya madini kutoka kwenye tabaka gumu la nje la jino. Dalili ya kwanza ni doa jeupe kama chaki pembeni mwa kifungo, hasa upande wa ufizi, nalo laweza kujitokeza katika muda wa wiki nne tu za usafi duni. Ni jambo la kusikitisha kwamba wagonjwa wengi huliona siku ya kuondolewa vyuma, meno yakiwa yamenyooka lakini kila jino likiwa na fremu nyeupe mahali kifungo kilipokuwa. Harufu, kwa maana hii, ni kengele inayolia mapema.

Kwa wahudumu walio Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa ambako maji ya visima na chemchemi huwa na floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, kuna jambo la kuangalia. Meno ya wenyeji wengi tayari yana madoa meupe au ya kahawia yatokanayo na floraidi iliyonywewa utotoni. Madoa hayo huwa yamelingana kulia na kushoto, hukatiza jino kwa mistari ya mlalo, na yalikuwapo kabla ya vyuma. Doa la ukoga hufuata umbo la kifungo na hukaa karibu na ufizi. Picha iliyopigwa kabla ya matibabu humaliza ubishi. Aidha, vifungo havishiki vizuri kwenye meno yaliyoathiriwa sana na floraidi. Hung'oka mara kwa mara, na kifungo kinachocheza hukusanya uchafu.

Katika maeneo hayo wapo wazazi wanaowanyima watoto wao waliovaa vyuma dawa ya meno yenye floraidi wakihofia madoa kuongezeka. Hofu hiyo haina msingi kwa kijana. Floraidi hutia madoa jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya, na tabaka la nje la meno ya mbele huwa limekamilika mtoto afikapo takriban miaka 8. Baada ya hapo floraidi ya dawa ya meno hufanya kazi juu ya uso wa jino tu, ikirudisha madini yaliyonyonywa. Kijana wa miaka 13 mwenye vyuma anaihitaji kuliko wenzake wasio na vyuma.

Uchunguzi zahanatini

Uchunguzi wa harufu hauhitaji mashine. Mgonjwa aombwe kuziba pua na kutoa hewa polepole kwa kinywa, mhudumu akiwa umbali wa sentimita kumi hivi. Kisha afunge mdomo na kutoa hewa kwa pua. Harufu ikisikika kwa kinywa tu, chanzo ni kinywa au koo. Ikisikika kwa pua tu, utafutwe ugonjwa wa pua au mashimo ya uso; kwa mtoto mdogo mwenye harufu na uchafu kutoka tundu moja la pua, mara nyingi ni punje au shanga aliyoiingiza mwenyewe. Ikisikika kwa njia zote mbili kwa nguvu sawa, yafikiriwe magonjwa ya mwili, kama vile kisukari kisichodhibitiwa, ambacho hutoa harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva mno.

Baada ya hapo kijiko cha plastiki kipitishwe taratibu nyuma ya ulimi na utando uliotoka unuswe. Kwa wagonjwa wengi, wenye vyuma na wasio navyo, jibu hupatikana hapo. Mara nyingi ulimi haujawahi kusafishwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba husafishwa. Mafindofindo nayo yaangaliwe: vijiwe vyeupe vilivyojificha katika matundu yake hunuka sana.

Kisha zikaguliwe pete za magego, na hapa umakini unahitajika. Pete hushikiliwa kwa saruji maalumu. Saruji ikimomonyoka upande mmoja, pete hubaki mahali pake kwa sababu waya inaishikilia, na mgonjwa hahisi kwamba imelegea. Chini yake mate na chakula huingia na haviwezi kutoka. Mgonjwa husema anasikia ladha chungu upande mmoja anapouma, au harufu inayorudi dakika chache baada ya kupiga mswaki vizuri. Mhudumu ashike pete kwa kidole kilichovaa glavu na kuisukuma juu na chini. Ikicheza, au mapovu madogo yakionekana ukingoni, mgonjwa apelekwe kwa daktari wake wa meno katika siku chache zijazo, asisubiri miadi ya mwezi ujao. Gego linaweza kuoza kimyakimya chini ya pete hiyo.

Usafi unaofaa

Mswaki wa kawaida wenye nyuzi laini unatosha, lakini namna ya kuutumia inabadilika. Kila jino lenye kifungo lina nyuso mbili za mbele badala ya moja: ile iliyo kati ya kifungo na ufizi, na ile iliyo kati ya kifungo na ncha ya jino. Mswaki uinamishwe kuelekea ufizi kwanza, kisha ugeuzwe kuelekea upande wa pili wa waya. Jambo hili likifanywa kwa uaminifu, dakika mbili hazitoshi. Mgonjwa mgeni wa vyuma huhitaji tano au zaidi mbele ya kioo. Mswaki mdogo wenye umbo la mti wa msonobari hupitishwa chini ya waya, kati ya kifungo kimoja na kingine. Uzi wa kusafishia meno hupitishwa kwa msaada wa sindano ya plastiki isiyochoma. Ni kazi ya kuchosha, na kijana atakayeweza kuifanya mara moja kwa siku, usiku kabla ya kulala, amefanya sehemu iliyo muhimu zaidi, kwa kuwa usiku mate hayapo ya kumsaidia. Dawa ya meno iwe yenye floraidi ya kati ya sehemu 1,000 na 1,500 katika milioni, na baada ya kusugua mgonjwa ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi.

Ulimi usafishwe kwa kikwaruzio au ukingo wa kijiko, kutoka nyuma kuja mbele, mara tatu au nne, bila kuuchubua.

Mswaki wa mti una heshima yake, na jina lenyewe la mswaki limetokana na neno la Kiarabu linalotaja kijiti hicho. Kwa meno yasiyo na vyuma husafisha vizuri ukitumiwa ipasavyo. Nyuzi zake, hata hivyo, hazipenyi chini ya waya, na kijiti kigumu kinaweza kuipinda. Aliyeuzoea autumie kwa nyuso za ndani za meno, na sehemu ya mbele aiachie mswaki wa dukani.

Katika mwezi wa Ramadhani mate hupungua mchana, na mfungaji mwenye vyuma huhisi tatizo zaidi ya wenzake. Usafi kamili baada ya daku, pamoja na ulimi, humsaidia mno. Anayelala tena mara baada ya kula bila kugusa mswaki huyaachia mabaki ya daku saa nyingi za kuoza kinywani.

Kutafuna karafuu au iliki, kama ilivyo desturi ya wengi katika mwambao, hupamba pumzi kwa dakika chache, hakuondoi ukoga. Peremende huongeza ubaya, kwa maana sukari yake hukaa juu ya kijirafu kile kile.

Dawa

Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, ya asilimia 0.12 au 0.2, hupunguza bakteria kwa hakika na hufaa fizi zikiwa zimevimba sana. Itumike kwa muda mfupi, takriban wiki mbili, kwa kuwa huacha madoa ya kahawia kwenye meno na hubadilisha ladha ya chakula. Isitumiwe papo hapo baada ya dawa ya meno, kwani viambato vya povu huidhoofisha. Nusu saa ipite.

Antibaotiki ni suala jingine. Katika maduka ya dawa si jambo la ajabu mgonjwa mwenye harufu ya kinywa kuuziwa metronidazoli. Harufu hupungua kwa siku chache, kwa kuwa dawa hiyo huua bakteria wasiopenda hewa, na mgonjwa husifu tiba. Ukoga ukiwa bado upo, bakteria hurudi, na safari hii huenda wakawa sugu. Kumpa kijana mwenye fizi zilizovimba vidonge bila kumfundisha kupitisha mswaki chini ya waya si kumtibu.

Upo ubaguzi mmoja ambao kila mhudumu anapaswa kuujua. Fizi zikiuma sana, zikitoka damu zenyewe, na ncha zake zilizo kati ya meno zikiwa zimeliwa na kufunikwa na utando wa kijivu, huo si uvimbe wa kawaida. Ni ugonjwa wa kuoza kwa fizi unaotokea ghafla, na harufu yake hujaza chumba. Huwapata zaidi wenye utapiamlo au kinga iliyoshuka, pamoja na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hapo metronidazoli ina nafasi yake, sambamba na usafishaji wa upole, rufaa ya haraka kwa daktari wa kinywa na ushauri wa kupima VVU. Kwa mtoto mdogo mwenye utapiamlo, hasa aliyetoka kuugua surua, hali hiyo inaweza kugeuka noma na kula shavu, na kila siku moja ya kusubiri ni hatari.

Wanaonuka bila kunuka

Wapo vijana ambao, wakichunguzwa kwa uangalifu, hawana harufu yoyote. Wamehisi tu kinywa kizito, au mwenzao darasani alishika pua kwa mzaha. Kupumulia kwenye kiganja na kunusa hakuwezi kuwathibitishia lolote, kwa sababu pua huzoea harufu ya mwenyewe. Njia bora ni kumchagua mtu mmoja wa kuaminika nyumbani, dada au shangazi, na kumwomba aseme kweli kwa saa mbalimbali za siku. Mhudumu asiwacheke wala asiwape dawa ili kuwaridhisha. Kidonge kitawathibitishia kwamba ugonjwa ulikuwapo. Aliyeendelea kuamini kwamba ananuka licha ya ushahidi wote, na akaacha shule au ibada kwa ajili hiyo, anahitaji msaada wa afya ya akili, na aelekezwe huko kwa staha.

Baada ya vyuma kuondolewa

Fizi nyingi hurudi katika umbo lake ndani ya wiki chache baada ya vifungo kuondolewa na ugaga kukwanguliwa. Harufu, hata hivyo, inaweza kurudi kwa mlango mwingine. Mgonjwa hupewa plate ya kushikilia meno yasirudi yalikokuwa, nayo ikivaliwa usiku kucha bila kuoshwa hufunikwa na ukoga na fangasi. Isuguliwe kila asubuhi kwa mswaki wake wa pekee, sabuni ya maji na maji ya baridi; maji ya moto huipinda, na dawa ya meno huikwaruza na kuiachia mikwaruzo ambamo bakteria hukaa. Isipovaliwa, ihifadhiwe katika kisanduku chake chenye matundu ya hewa. Plate zinazofungwa katika karatasi laini wakati wa chakula huishia kwenye pipa la taka pamoja na karatasi hiyo.